Maji, oili na mlima wa Kitonga: magari niliyomiliki tangu KE70

Watu wa rika langu hawalisahau gari lao la kwanza. Ukikaa nao msibani au kwenye foleni ya benki, mazungumzo yakigusa magari kidogo tu, mmoja atataja Datsun 120Y, mwingine Peugeot 504, mwingine Land Rover aliyouziwa kwenye mnada wa serikali. Watakutajia rangi, aliyewauzia, na mlima uliowapa shida. Langu lilikuwa Toyota Corolla KE70 ya rangi ya maziwa, na mlima wenyewe ni Kitonga.

Nimefundisha fizikia sekondari hapa Iringa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Baada ya KE70 nimekuwa na Suzuki Escudo, kisha Toyota Noah, na sasa Toyota IST. Escudo sina mengi ya kuisema; ilikaa nyumbani muda mfupi, ikatufaa kwenye tope, ikauzwa kwa sababu ya ada za shule. Hayo mengine matatu yamenifunza jambo moja ninalolishikilia hadi leo: gari usilolielewa si lako, ni la fundi, wewe unalitilia mafuta tu. Nalisema hivyo bila kumdharau fundi yeyote, maana mimi ni mtoto wa fundi.

Baba alitengeneza malori pale Ipogolo, chini ya mji, barabara kuu inapovuka Ruaha Mdogo kabla hujapanda mlima kuingia Iringa. Alianza kazi hiyo zama ambazo Zambia ilikuwa imebanwa, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965. Mafuta ya Zambia yakawa yanatoka bandari ya Dar es Salaam kwa malori, shaba ikishuka kwa njia hiyohiyo, na barabara yenyewe ilikuwa bado vumbi na tope. Madereva wakaiita njia ya jehanamu. Baba alituhadithia Fiat na Leyland zilizofika Ipogolo zimekatika springi, zimeunguza klachi, na dereva amelala mle ndani kwa siku kadhaa akingoja spea. Nilipokuwa msichana lami ilikwishawekwa, na miaka ya 1980 tukaanza kuziona Scania zilizounganishwa Kibaha. Lakini Kitonga ilibaki Kitonga.

Nikimpelekea chakula gereji, alikuwa akinipa bisibisi ndefu, ananiambia niiegemeze ncha kwenye injini inayounguruma na mpini niuweke sikioni. Sauti yote ya nje inapotea, unasikia kile kilicho chini ya ile ncha peke yake. Hapa ni tapeti za vali. Hapa ni beringi ya pampu ya maji, inakwaruza. Chuma kigumu husafirisha sauti vizuri kuliko hewa; hilo nilikuja kulisoma darasani baadaye, na mwalimu alipoliandika ubaoni mimi nilikuwa nimekwisha kulisikia.

Magari binafsi mtaani kwetu hayakuwapo. Yalikuwapo magari ya mashirika ya umma yenye namba za SU, na ya serikali. Ikaja vita ya Kagera mwaka 1978, malori na mabasi yakachukuliwa kwenda mstari wa mbele, kisha mafuta yakawa adimu kiasi kwamba Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi yalikatazwa barabarani. Aliyekuwa na gari hakuwa na spea, aliyekuwa na spea hakuwa na petroli. Mwaka 1984 watu waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa nje bila kuulizwa wamezipata wapi, na hapo ndipo mlango ulipoanza kufunguka. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi, mengine yakipitia Dubai. Hata mwalimu akaanza kuthubutu kuota.

KE70 tuliinunua mimi na mume wangu mwaka 1996, kwa fedha ya vitunguu vya Ilula. Mwenye gari alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao. Baba alikuwa mzee tayari, ila alisisitiza tusitoe hata shilingi kabla hajaliona.

Namna alivyolikagua nimeirudia kwa kila gari tangu siku ile. Alifika asubuhi na mapema na kumtaka mwenyewe asiliwashe, kwa sababu gari lililokwishapata moto huficha maradhi. Akaugusa mfuniko wa injini. Ulikuwa wa baridi, akaridhika. Akafungua rejeta na kutazama kama juu ya maji kuna utando wa oili. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwenye karatasi nyeupe na kutafuta rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili kuwa maji na oili vimekutana kwa sababu gasketi ya silinda hedi, inayovitenganisha, imekwisha. Ndipo akasema liwashwe, macho yake yakiwa kwenye bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji. Injini ikiwa inazunguka, akafungua kifuniko cha kujazia oili na kuweka kiganja juu yake, aone kama pumzi inasukuma kwa nguvu kutoka chini, maana pistoni zenye ringi zilizochoka huvujisha mgandamizo kupita huko. Mwisho akapiga jeki na kuyumbayumbisha gurudumu mojamoja. Rangi hakuiangalia kabisa. Siti hakuziangalia. Alimwambia yule bwana, "Umelitunza, baba," na bei ikakubaliwa pale pale.

Injini ya KE70 ile ni 4K, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,290, kabureta moja ya kuchanganya petroli na hewa, platini ya kukatiza umeme wa plagi, cheni badala ya mkanda wa taimingi wa kuendesha vali, na inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Ukifungua boneti unaiona ardhi pembeni mwa injini. Kila kitu unakifikia kwa mkono. Plagi unafungua kwa spana moja, platini unasugua kwa msasa mwembamba, na asubuhi za Juni, Iringa inapokuwa na baridi ya kuuma, unavuta choki na gari linaamka. Nililipenda sana gari lile. Nalisema waziwazi.

Sasa Kitonga. Anayetoka Dar es Salaam hupita Morogoro, hukatiza mbuga ya Mikumi, hushuka bonde la Ruaha kwenye mibuyu na joto kali, halafu ghafla anakuta ukuta wa mlima. Kona zimepindana, malori yaliyobeba mizigo ya Zambia na Kongo yanapanda mwendo wa mtu anayetembea, na huna pa kuyapita. Injini inafanya kazi nzito kupita kiasi huku upepo wa mbele ukiwa karibu hakuna. Gari lenye ugonjwa wowote wa maji litausema hapo.

Baba alinifundisha kupanda. Kwenye gari la aina ile feni na pampu ya maji vinazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Ukiing'ang'ania gia ya tatu, injini inazunguka polepole huku ikibeba mzigo wote, kwa hiyo feni na pampu navyo vinazunguka polepole wakati ambapo joto ni kubwa zaidi. Rudisha gia mapema, usiogope kelele. Injini ikizunguka haraka, maji yanazunguka haraka na feni inavuta upepo. Na sindano ya joto ikianza kupanda, fungua hita ya ndani hadi mwisho, hata kama utaloa jasho, maana hita ni rejeta ndogo ya pili.

Safari moja nilikuwa natoka Dar peke yangu na watoto, na sindano ikapanda pamoja na yote hayo. Nikaegesha kwenye nafasi pembezoni. Utingo wa lori lililokuwa limesimama mbele alishuka, akakata matawi na kuyapanga barabarani nyuma yangu, kisha akaja na dumu la maji. "Shikamoo mama. Usifungue kwanza, liache lipoe." Tulingoja. Gari lilipopoa tukafungua, na tatizo likaonekana mkononi mwangu: mpira wa mfuniko wa rejeta ulikuwa umepasuka.

Nataka kueleza hapa kwa kirefu, kwa kuwa nimeona injini nyingi zikifa kwa kitu hiki cha bei ndogo. Ule mfuniko kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Ndani una springi inayoshikilia mgandamizo. Maji yakiwa wazi, Dar es Salaam yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Iringa, ambako tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwa kama nyuzi 95, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni nyepesi zaidi. Mfuniko mzima unaongeza mgandamizo, na maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukipasuka mpira, kinga hiyo yote imeondoka, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka upesi. Mvuke haubebi joto kutoka kwenye chuma kama maji yanavyolibeba. Silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na familia inauza ng'ombe. Badilisha mfuniko. Usingoje.

Wiki ile ile, fundi mmoja mjini alinishauri tuing'oe thamostati kabisa. "Mwalimu, hii waliiweka kwa ajili ya nchi za barafu." Ushauri huo umeenea Tanzania nzima na umeharibu magari mengi. Thamostati ni kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kufanyia kazi, halafu kinafunguka chenyewe. Ukikiondoa, injini inachelewa kupata moto, na katika baridi ya Iringa au Mafinga huenda isiupate kabisa. Petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inateleza ukutani mwa silinda na kuosha oili, plagi zinakuwa nyeusi, na gari linakula mafuta bila wewe kujua kwa nini.

Nilimwambia anipe ile thamostati niende nayo. Nikaipeleka darasani, kidato cha tatu, tulikuwa kwenye mada ya joto. Tuliizamisha kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, kipimajoto pembeni, wanafunzi wamejazana. Karibu na nyuzi 82 ikaanza kufunguka taratibu, na darasa zima likapiga kelele. Nimefundisha kutanuka kwa vitu kwa miaka mingi na kwa vifaa vingi. Hakuna kilichoeleweka kama kile. Ilikuwa nzima kabisa, nikairudisha kwenye gari.

Lakini fizikia haikuwa nusu ya maisha ya gari lile. Kihesa, mtaa tuliokuwa tukiishi, magari yalikuwa ya kuhesabu, na ukiwa na gari wewe ni gari la wagonjwa la mtaa. Dirishani usiku inasikika, "Hodi, Mwalimu, samahani sana kukuamsha." Ni mwanamke ameshikwa na uchungu, au mtoto ana degedege. Hujiulizi. Kwa sababu hiyo sikuwahi kulilaza gari tanki likiwa chini ya nusu, na taulo safi mbili na tochi vilikaa chini ya siti. Mama mmoja alijifungua tukiwa tumefika getini mwa hospitali, kabla ya kushuka. Mwanawe sasa ni mtu mzima, na huyo mama kila msimu huniletea mahindi mabichi. Wapo walioniuliza kwa nini sichangishi mafuta. Waliokuwa nacho walitoa wenyewe, tena wengine walileta kuku. Aliyekuwa hana, nilijua hana.

Mwanamke kuendesha gari Iringa ya miaka hiyo kulikuwa na uzito wake. Trafiki alinisimamisha mara nyingi kutazama leseni tu, na mzee mmoja wa Kilolo alikataa kupanda mpaka aone mume wangu amekaa mbele. Nilimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene", nikamngoja, akapanda. Tulipofika alinishukuru kwa heshima kubwa. Sikuhitaji zaidi ya hapo.

KE70 tuliiuza mwaka 2006, bado inawaka kwa kugusa. Familia ilikuwa imepanuka, wazazi wa mume wangu wamehamia kwetu, na misiba ya vijijini ilitaka gari la watu wengi. Baada ya ile Escudo ya muda mfupi tukachukua Noah ya kizazi cha kwanza, ile ambayo injini yake ya lita mbili iko chini ya siti za mbele. Ndipo nikaanza kujifunza upya.

Noah ile haikuwa na kabureta. Petroli inapulizwa na nozeli, kompyuta ndiyo inayopima hewa na kuamua kiasi. Kwenye KE70 mlima ulikuwa ukileta tatizo jingine nililolizoea: hewa ya juu ni nyepesi, huku Iringa imepungua kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani, ila kabureta halijui, linaendelea kumwaga petroli kiasi kile kile, na injini inaelemewa. Kompyuta inajua. Tofauti niliihisi siku ya kwanza kutoka Ipogolo kupanda mjini. Hakuna choki, hakuna kubembeleza.

Ila hakuna kuona pia. Kupima oili lazima uinue siti, kwa hiyo wengi hawapimi. Taimingi ni ya mkanda, na mkanda wa aina ile unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Gari limekuja na kilomita ngapi? Ile namba kwenye dashibodi mimi siiamini kwa gari lolote lililopita mikononi mwa watu wengi. Nilibadilisha mkanda, pampu ya maji na oili zote kabla gari halijafanya kazi hata moja, na nawashauri wote wafanye hivyo bila kujali muuzaji amesema nini. Noah ilitufaa hadi watoto walipotawanyika. Ilibeba kwaya, ilibeba majeneza mawili ya ndugu zangu, ilibeba miche ya parachichi.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa Dar es Salaam na gari lenye injini ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa. Watanzania wengi waliziogopa injini hizo, na hadi leo ukitaja D4 kijiweni watu wanatikisa vichwa. Mimi naona zinaonewa. Pampu ya mgandamizo mkubwa inategemea petroli iwe safi, na miaka ile mafuta ya taa yalikuwa yanachanganywa kwenye petroli kwa sababu yalikuwa nafuu kikodi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu ya kutambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwakamata wachanganyaji, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kupunguza ile tofauti. Mdogo wangu pampu yake ilikufa kabla ya hapo, baada ya kujaza kwenye kituo kimoja njiani. Mafundi watatu waliligusa, kila mmoja akabadilisha kitu tofauti. Hakukuwa na aliyekuwa na kifaa cha kupima mgandamizo wa mafuta. Gari zuri, fundi hodari, lakini kati yao hakuna ujuzi wala kifaa, na hasara yote ikamwangukia mtu mmoja. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa anayetaka kununua gari halihusu bei. Namuuliza: nani, hapo unapoishi, amekwisha kuifungua injini hiyo akaifunga ikawaka?

IST niliagiza mwaka 2015, nikiwa nakaribia kustaafu. Aliyewahi kuagiza anajua: bei ya kule Japani ni mwanzo tu, kodi pale bandarini inakaribia bei ya gari lenyewe, wakati mwingine inapita, na gari likizidi umri fulani kuna ushuru wa uchakavu juu yake. Nafuu moja ilikuja mwaka 2017, ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo aliyeegesha halipi na anayetembea analipa. Ni haki zaidi.

Gari lilifika likiongea Kijapani. Ukiwasha, sauti ya mwanamke inakukaribisha, ramani kwenye skrini inakuonyesha uko katikati ya bahari. Redio haikushika stesheni zetu nyingi, kwa kuwa Japani masafa yao ya FM yalianzia 76 na kuishia 90, wakati huku kwetu yanaanzia karibu 88 hadi 108. Kinauzwa kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, kinafungwa kwenye waya wa antena, na kazi imekwisha.

Matairi ndiyo niliyoyatazama kwa makini zaidi. Lilikuja na matairi ya theluji, yale yenye michirizi myembamba mingi. Yanaonekana mapya, michoro mirefu, na watu huyaacha wakifurahi kwamba wameokoa fedha. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike barabara yenye baridi ya barafu. Ukilitembeza tairi hilo kwenye lami ya Chalinze saa saba mchana, limejaa mizigo, mwendo kasi, linapata joto ambalo halikuumbiwa. Soma ubavu wa tairi: kuna tarakimu nne za mwisho ndani ya duara refu kama yai, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Wauza matairi ya mtumba hawapendi ukiinama kuzisoma. Inama.

Injini ya IST yangu ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,298. Ile ya KE70 ilikuwa 1,290. Karibu ni kikombe kile kile. Lakini hii inapanda Kitonga na watu wanne bila kuhema, na petroli inainusa tu. Nimelifikiria hili sana, kwa kuwa hapo ndipo naona kazi ya wahandisi ilivyosogea ndani ya miongo miwili: vali nne kwa kila silinda badala ya mbili, muda wa kufunguka vali unaobadilika kulingana na mwendo, sensa inayoonja moshi na kuirudishia kompyuta habari. Chuma ni kile kile. Kilichoongezeka ni kupima.

Na kupima ndiko kunakodharauliwa. Nimeona gereji ambako injini hizi, zilizotengenezwa kwa oili nyepesi ya 5W-30, zinamiminiwa oili nzito ya namba 40 "kwa sababu ya joto letu". Asubuhi ya baridi oili hiyo inachelewa kufika juu, na vile vitundu vyembamba vinavyoendesha vali havikutengenezwa kwa uzito huo. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, kweli, lakini namba za oili hazina lugha.

Fundi wangu sasa ni kijana ambaye baba yake alijifunza kazi kwa baba yangu, na yeye mwenyewe nilimfundisha kidato cha nne kabla hajaenda chuo cha ufundi cha VETA. Ana mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, anachomeka, anasoma namba ya hitilafu, halafu anafanya jambo linalonifanya nimwamini: haendi dukani moja kwa moja kununua kile mashine ilichotaja. Anapima kwanza waya, anapima plagi, anauliza gari lilikuwa linafanya nini taa ilipowaka. Mashine inataja sensa. Ugonjwa mara nyingine ni panya aliyekata waya. "Mwalimu, tusikilize kwanza," huniambia, na kuchukua ile bisibisi ndefu.

Mwanangu wa pili yuko Dodoma na anataka Toyota Aqua, gari la petroli na umeme pamoja. Tumekuwa tukibishana kwa simu, kwa raha kabisa. Yeye anaongea mafuta, mimi naongea betri. Betri kubwa ya gari hilo iko chini ya siti ya nyuma na inapozwa kwa hewa inayovutwa kupitia tundu lililo pembeni mwa siti. Dodoma ni vumbi. Abiria akiweka begi au koti juu ya tundu, au vumbi likiziba feni yake, betri inachemka kimyakimya na kufa kabla ya wakati. Nimempa kazi tatu kabla hajalipa: atafute nani Dodoma anayefungua na kupima betri hiyo seli kwa seli, aulize bei ya betri nzima ikifika hapa, na ajue mwenyewe kulitoa lile feni na kulisafisha. La kwanza amelipata, kijana mmoja aliyefanya kazi hiyo Dar. La pili amelipata na limemfanya anyamaze siku mbili. La tatu bado, anasema ataonyeshwa.

Mimi kwa upande wangu nalitamani gari hilo kwa sababu nyingine. Gari hilo likishuka mlima, mota inageuka jenereta na kuirudishia betri umeme ambao magari yangu yote yaliumalizia kwenye joto la breki. Kitonga ni ndefu. Betri itajaa kabla ya kufika chini, na nataka kuona inapojaa kompyuta inafanya nini, kama inaiamuru injini ya petroli izunguke bila mafuta ili ishikilie gari, na sauti yake inakuwaje. Nimekwisha kumwambia: ukilinunua, safari ya kwanza ya kushuka Kitonga naendesha mimi, na wewe utakaa pembeni na daftari.